Kaburi lilijengwa kabla ya karatasi: kisa cha safari ya kikazi kutoka Arusha kwenda Berlin

Jumamosi ile kule Kibosho kila kitu kilikuwa tayari. Kaburi lilikuwa limechimbwa kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, na kujengewa matofali ya saruji pande zote nne. Mfuniko wa zege ulikuwa umeshamwagwa na kukauka. Turubai zimefungwa kati ya migomba, viti vya kukodi vimepangwa, padri ameshapewa saa, na mbege, pombe ya ndizi na ulezi, iliyopikwa kwa ajili ya siku hiyo imeiva. Aliyekosekana ni marehemu. Alikuwa bado Berlin, kwenye jokofu, na pale kihambani hakuna aliyejua ni karatasi gani imemshikilia.

Kisa hiki ni cha kampuni ndogo ya utalii ya Arusha iliyopeleka watu wawili kwenye maonyesho ya utalii ya ITB, yanayofanyika Berlin kila mwaka mwezi Machi. Mmoja alirudi akiwa abiria, mwingine akiwa mzigo, kila mmoja na ndege yake na siku yake. Watu wa kisa ni wa kutungwa, ndiyo maana hawana majina. Taratibu, karatasi na vipimo ni vya kweli, na makosa yaliyofanyika yanaweza kumpata mwajiri yeyote anayetuma watu nje bila kujiuliza swali ambalo wengi wetu hatupendi kulitamka kabla ya safari: akifia huko, je?

Kwa maoni yetu mzizi wa vurugu yote ni mmoja. Tarehe ya mazishi ilitangazwa siku ya pili ya msiba. Mtu akifia ng'ambo, tarehe haitangazwi mpaka namba ya hati ya mzigo wa ndege iko mkononi, na hata hapo huongezwa siku mbili kamili za kumtoa uwanjani. Kabla ya hapo familia inaweza kulia, kusali na kuchangishana. Isichimbe.

Saa sita za kwanza

Mkuu wa safari alikuwa meneja wa masoko, miaka 54, mgonjwa wa presha wa muda mrefu. Aliyefuatana naye ni kijana wa mauzo, miaka 29, safari yake ya kwanza Ulaya. Jumatano, siku ya pili ya maonyesho, mzee hakushuka kunywa chai. Saa mbili kasoro robo kijana alipanda kugonga, akagonga tena, akashuka kumwita mhudumu wa mapokezi, na mlango ukafunguliwa kwa kadi ya akiba. Walipiga 112. Wahudumu wa gari la wagonjwa hawakuwa na la kufanya ila kumwita daktari wa kuthibitisha kifo.

Hapa ndipo kila mtu anayetuma wafanyakazi Ujerumani anapaswa kusoma polepole. Daktari anayethibitisha kifo kule lazima aukague mwili, kisha ajaze kwenye fomu aina ya kifo: cha kawaida, kisicho cha kawaida, au kisichojulikana. Mgeni aliyekufa peke yake hotelini, bila daktari anayemfahamu, kwa kawaida anaangukia kwenye neno la tatu. Neno hilo likishaandikwa polisi wanaitwa, mwili unakuwa chini ya mwendesha mashtaka, na hauzikwi wala hausafirishwi mpaka yeye atoe kibali cha maandishi. Kwa Berlin mwili unapelekwa kwenye taasisi ya tiba ya mahakama iliyoko Moabit. Uchunguzi wa ndani ukiamriwa, unafanyika bila ridhaa ya familia.

Chumba kikafungwa kwa utepe. Ndani yake kilibaki kila kitu kilichohitajika siku zile: pasipoti, simu, kompyuta ya kazini na dawa za presha. Na dawa zenyewe hazikusaidia. Zilikuwa kwenye kile kikasha cha plastiki chenye vyumba saba vya siku za juma, vidonge vitupu, bila pakiti na bila jina. Vyumba vya Jumatatu na Jumanne vilikuwa wazi, cha Jumatano kimefungwa. Polisi aliyeviona aliona vidonge vyeupe visivyojulikana pembeni ya maiti ya mgeni, akaviweka kwenye mfuko wa ushahidi.

Mfanyakazi mwenye presha, kisukari au moyo asafiri na dawa zikiwa kwenye pakiti zake za dukani, na ndani ya pochi (si ndani ya begi) awe na barua ya ukurasa mmoja ya daktari wake kwa Kiingereza: ugonjwa, tangu lini, dawa na kiasi, na simu ya kliniki inayoanza na +255. Barua hiyo haimlazimishi daktari wa Berlin kuandika kifo cha kawaida. Inampa yeye na polisi mahali pa kuanzia, na hilo linaweza kupunguza siku.

Kijana alitoka chumbani akampigia mwenye kampuni Arusha, ambako ilikuwa imeshafika saa nne na nusu. Machi, kabla ya Jumapili ya mwisho ya mwezi, Berlin iko nyuma yetu kwa saa mbili.

"Bosi, mzee amefariki."

Simu ilinyamaza. Kisha: "Pole sana, kijana wangu. Jikaze. Tafuta kampuni ya mazishi hapo jirani, waambie wamchukue, mimi nitalipa. Na ile miadi ya saa nne usiikose."

Anayesikia maneno hayo kutoka nje atamwona mwenye kampuni hana moyo. Sisi hatumwoni hivyo. Kampuni yenye magari sita inaishi kwa mikataba inayofungwa ndani ya siku tatu zile za Berlin, na mishahara ya madereva wake inatoka humo. Akili ya binadamu ikipigwa na habari nzito hushika kitu kidogo inachokijua, naye alichokijua ni ratiba ya miadi. Kijana akavaa koti, akapanda treni, akakaa mbele ya wanunuzi walioalikwa na marehemu. Walipouliza mwenzake yuko wapi, akajibu, "Yuko hotelini." Akaeleza bei za msimu wa Julai mpaka mwisho.

Madhara ya miadi ile yalikuwa ya kawaida kabisa na mazito. Namba pekee waliyokuwa nayo polisi ilikuwa ya kijana, na simu yake ilikuwa imezimwa sauti kwa saa tatu. Walitaka kujua marehemu ana mke, ana ugonjwa gani, ndugu wa karibu ni nani. Hawakupata jibu, na faili likafunguliwa bila majibu hayo.

Kosa la pili la asubuhi ile lilikuwa la fedha. Viza ya Schengen haitolewi bila bima ya safari ya angalau euro 30,000, inayogharimia matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani, kifo kikiwemo. Wote wawili walikuwa nayo. Lakini walikuwa wameinunua kama watu wengi wanavyoinunua, kwa ajili ya faili la viza, na nakala pekee ya marehemu ilikuwa kwenye begi nyuma ya utepe wa polisi. Mikataba mingi ya aina hii inataka mtu apige kwanza namba ya msaada ya saa 24 iliyoandikwa juu ya cheti, ili bima yenyewe imteue wa kushughulikia mwili. Gharama uliyojiingiza bila wao kukubali wanaweza kuikataa. Kufikia saa saba mchana mwenye kampuni alikuwa ameshatia saini, kwa barua pepe, mkataba na kampuni ya mazishi iliyo mitaa miwili kutoka hotelini.

Kusafirisha mwili kutoka Ulaya hadi KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ni maelfu ya euro, si mamia. Kwa hiyo mpangilio wa simu ni huu: 112, kisha namba ya msaada ya bima, kisha ubalozi wa Tanzania uliopo Berlin, kisha mtu mmoja wa familia, aliyeandikwa kabla ya safari, atakayeenda kumwambia mjane ana kwa ana. Ofisi inapigiwa baada ya bima, na inakatazwa kuandika lolote kwenye makundi ya simu mpaka mjane ajue.

Katika kisa hiki haikuwa hivyo. Dereva mmoja wa kampuni aliandika "Tumempoteza mzee wetu" kwenye kundi la ofisi, mpwa wa marehemu alikuwemo, na ndani ya dakika chache ujumbe ulikuwa kwenye kundi la ukoo. Mjane alikuwa sokoni Mbuyuni, Moshi, akichagua vitunguu. Akapigiwa na mdogo wa mume wake.

"Shemeji, pole sana."

"Pole ya nini, baba?"

Hakuna utaratibu wa kurekebisha hilo baadaye.

Majina matatu na kibali kilichopotea njia

Kifo kilichotokea Ujerumani hutakiwa kuripotiwa kwenye ofisi ya usajili ya eneo husika, Standesamt, si zaidi ya siku ya tatu ya kazi baada ya siku ya kifo. Kwa kawaida kampuni ya mazishi ndiyo inayopeleka. Msajili anataka pasipoti, cheti cha kuzaliwa na, kwa aliyeoa, cheti cha ndoa, pamoja na tafsiri. Kwetu hapo ndipo mtihani unapoanza. Pasipoti ya marehemu ilikuwa na majina matatu, la mwisho likiwa la ukoo. Cheti cha kuzaliwa, kilichochukuliwa ukubwani, kilikuwa na la ubatizo na la baba tu. Cheti cha ndoa cha kanisani kilikuwa na la ubatizo na la ukoo, na herufi moja tofauti. Kwa mtu wa Kibosho huyo ni mtu mmoja bila ubishi. Kwa msajili wa Berlin ni watu watatu wanaofanana.

Sheria yao ina mlango wa dharura: msajili anaweza kuahirisha usajili na kutoa hati ya kuonyesha kwamba kifo kimeripotiwa ila usajili unasubiri vielelezo. Kwa hati hiyo mwili unaweza kuendelea na safari. Iombeni kwa jina lake, kwa Kijerumani, Zurückstellung, mapema, badala ya kukimbizana na viapo vya majina huku mwili ukingoja. Hati hii ina deni lake, tutalifikia mwishoni.

Karatasi zinafuatana na haziruki. Kwanza kibali cha mwendesha mashtaka, maana kabla yake hakuna anayeruhusiwa kuugusa mwili. Kisha hati ya usajili au ya kuahirisha. Kisha mwili unatiwa dawa. Ujerumani hilo halifanyiki kwa kila maiti, lazima liagizwe, na likifanyika baada ya uchunguzi wa ndani huwa gumu zaidi kwa sababu mishipa imeshakatwa na dawa haizunguki kutoka sehemu moja. Linatolewa cheti cha kutiwa dawa, cheti cha afya kwamba hakuna ugonjwa wa kuambukiza, cheti cha kufungwa jeneza, kisha pasi ya maiti, ambayo Wajerumani huiita Leichenpass. Baada ya hapo ubalozi unatoa barua yake, na mwisho shirika la ndege linatoa hati ya mzigo. Pasipoti ya marehemu huzungushwa ofisi zote hizi, kwa hiyo ipigwe nakala kurasa zote siku polisi watakapoiachia.

Kibali cha mwendesha mashtaka kilitoka Jumanne, siku ya saba. Kikatumwa kwa kampuni ya mazishi iliyokuwa kwenye faili, yaani ile ya kwanza, mitaa miwili kutoka hotelini. Kampuni hiyo ilikuwa imeshaambiwa iache kazi, kwa sababu bima ilikuwa imekubali kulipa, lakini kwa kumtumia mtu wake. Mtu wa bima akawa anasubiri kibali, kampuni ya kwanza inacho na haina kazi nacho, mwenye kampuni Arusha anaambiwa na kila upande kwamba mambo yanaendelea. Siku mbili zikapotea hivyo. Barua ya mistari mitatu kwa polisi, kwamba kuanzia leo anayeshughulikia mwili ni fulani, ingeziokoa.

Mwili ulitiwa dawa na jeneza kufungwa Ijumaa, siku ya kumi. Kesho yake ndiyo ile Jumamosi ya Kibosho.

Mbege haikungoja. Ndizi mbivu zilikuwa zimechemshwa na kuachwa zichachuke kwa hesabu ya siku ile, ulezi umeshachanganywa Ijumaa. Mbege ikishachanganywa na ulezi hunywewa kesho yake. Siku ya tatu ni siki. Waliokuja kuzika wakainywa, wakamlilia mtu aliyekuwa bado Berlin, wakarudi makwao, na wengi hawakuweza kupata ruhusa ya kazini mara ya pili.

Ndani ya jeneza

Mkataba wa kimataifa wa kusafirisha maiti ulitiwa saini Berlin kwenyewe, tarehe 10 Februari 1937, na maelezo yake ya jeneza bado yanaonyesha vizuri ni kitu gani kinafika KIA. Ndani ni jeneza la metali, kwa kawaida zinki, sakafu yake imetandazwa kitu cha kunyonya majimaji, kama maranda au unga wa mkaa, unene wa sentimita 5 hivi, pamoja na dawa ya kuua vijidudu. Likishafungwa linaungwa kwa lehemu pande zote, hewa haipiti. Hilo linaingizwa kwenye jeneza la mbao zenye unene usiopungua sentimita 3, lililofungwa kwa skrubu zisizoachana zaidi ya sentimita 20. Kwa safari ya ndege huwekwa kivalvu kidogo chenye kichujio, ili shinikizo la hewa likibadilika angani bati lisivimbe na harufu isitoke.

Kutokana na hayo kuna mambo mawili ambayo familia inapaswa kuambiwa mapema. La kwanza ni uzito. Zinki, mbao na mwili wa mtu mzima kwa pamoja hufika kilo 150 hadi 200. La pili ni uso. Jeneza lililolehemewa halifunguliwi kama la fundi wa Moshi, la mfuniko wa bawaba. Anayetaka ndugu wamwone marehemu aagize kidirisha cha kioo juu ya uso kabla ya kulehemu. Baada ya kulehemu hakuna njia nyepesi. Hapa hakuna aliyeagiza, kwa sababu hakuna aliyeulizwa.

Familia nayo ilikuwa na ombi lake. Marehemu alikuwa amenunua viatu vya mtoto na saa ya mkononi, na shangazi akaomba viwekwe humo humo ndani ya jeneza ili visipotee. Haiwezekani. Anayefunga jeneza anatia saini kwamba ndani mna mwili na mavazi yake tu. Mali zote zinapita njia nyingine, na zilizo mikononi mwa polisi zinatolewa kwa mwenye mamlaka ya kuzipokea, si kwa mfanyakazi mwenzake.

Simu ilikuwa miongoni mwa mali hizo, na ndiyo iliyoiumiza kampuni kuliko kitu kingine chochote. Barua pepe ya ofisi ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri ya pili inayotumwa kwenye simu ya meneja. Kila walipojaribu kuifungua Arusha, ujumbe ulikwenda kwenye simu iliyo ndani ya bahasha Berlin. Maombi ya wateja waliokutana nao kwenye maonyesho yakalala humo. Anayesafiri asiwe peke yake mwenye ufunguo wa barua za ofisi: namba ya pili iwe kwenye simu inayobaki.

Siku mbili za KIA

Kijana alipaswa kuruka Ijumaa ya juma la kwanza. Mwenye kampuni alimwambia abaki mpaka mwili uondoke. Kwa jambo hilo viza inayokaribia kuisha inaweza kuongezwa bila ada, kwa sababu ya dharura au ya kibinadamu, ukiomba kwenye ofisi ya uhamiaji kabla haijaisha. Alifanya hivyo, na katika kisa kizima hicho ni kitu kimoja kilichokwenda sawa. Lakini wakala wa tiketi wa Arusha, akitaka kudai fedha za tiketi ya marehemu, alifuta safari yote. Majina mawili yalikuwa chini ya namba moja. Ilitakiwa kwanza igawanywe ziwe namba mbili, kisha ifutwe moja. Kijana akanunuliwa tiketi nyingine ya bei ya chini, ya kuunga ndege tatu, kutua Dar es Salaam Jumatano usiku.

Mwili ulipanda ndege na kutua KIA Jumanne jioni, siku ya 14. Ndugu walikuwa wameshatangaziwa mazishi ya pili, Jumatano saa nane. Walikwenda uwanjani na gari la kubeba jeneza, na maua, wakasimama kwenye mlango wa abiria. Mwili hautokei mlango huo. Unatokea upande wa mizigo, kwa hati za mizigo, mbele ya afisa afya na forodha, na ni vizuri kuwa na wakala wa kutoa mizigo aliyeshapewa nakala za karatasi zote siku moja kabla. Walipoelekezwa huko wakaulizwa mpokeaji ni nani.

Kwenye hati ya mzigo mpokeaji alikuwa yule kijana. Mtu wa bima kule Berlin alikuwa amemjua yeye tu, kwa hiyo akaandika jina lake, namba yake ya pasipoti na namba yake ya simu ya Ujerumani. Wakati huo kijana alikuwa angani.

Mdogo wa marehemu alionyesha kitambulisho cha NIDA chenye jina lile lile la ukoo. Afisa alimpa pole, akamtafutia kiti, akamweleza kwamba jina la ukoo si jina la mpokeaji. Alikuwa sahihi. Ghala linaloachia maiti kwa mtu anayefanana jina siku moja litaachia maiti ya mwingine. Njia iliyobaki ni barua ya mtumaji, kupitia shirika la ndege, ya kubadili mpokeaji. Iliombwa Jumatano asubuhi, ikaandikwa Berlin mchana ule ule, ikatumwa kwenye anwani iliyokuwa kwenye faili, yaani barua pepe ya ofisi ya Arusha. Ile isiyofunguka.

Alhamisi alfajiri kijana alipanda basi Dar. Jioni akashuka njia panda ya KIA, akachukua bodaboda hadi upande wa mizigo, akatoa pasipoti. Mwili ulitoka chini ya saa moja. Mpokeaji awe mtu aliye nyumbani, mwenye kitambulisho, jina limeandikwa herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho hicho, na simu yake iwe ya Tanzania. Mtumieni mtu wa Berlin picha ya kitambulisho, msimtajie jina kwa mdomo.

Kihambani

Kuhusu uso, baba mdogo alikuwa ameshamwita fundi bati na mkasi wake. Tunaelewa kabisa. Kumzika mtu uliyeambiwa tu kwamba ndiye ni mzigo mzito, na kwa Wachaga kama kwa wengi wetu kuaga ni sehemu ya kuzika. Lakini mwili wa siku 16, uliochunguzwa ndani, uliolala kwenye formalini na maranda, haukatiwi bati sebuleni. Pakibidi kufunguliwa, ni kwa idhini ya afisa afya na kwa mikono ya watu wa mochwari. Kilichookoa hali ni kitu ambacho fundi wa Berlin alikuwa amekifanya kwa busara yake: kabla ya kulehemu alipiga picha moja ya uso, mwili umeshavishwa na kutengenezwa, akamkabidhi kijana. Usiku wa Ijumaa wazee wa ukoo waliingia chumbani kwa mjane mmoja mmoja. Simu ilikuwa imelazwa kitandani juu ya kanga. Kila mmoja aliinama, akatazama, akatoka. Baba mdogo alitoka akamlipa fundi bati nauli yake. Picha hii iombwe kila mara, na ipelekwe kwa mtu mmoja tu.

Jumamosi, siku ya 18, masika yalikuwa yameanza. Kutoka barabarani hadi kihambani ni mteremko wa udongo kandokando ya mfereji, gari halishuki. Walipangwa vijana sita kama ilivyo desturi, wakaongezwa wakawa wanane, na zamu ya pili ya wanane ikafuata pembeni na kamba.

Kisha jeneza likakataa kuingia kaburini. Kaburi lilikuwa na upana wa sentimita 70 ndani ya matofali, kipimo kinachotosha jeneza la Moshi na nafasi ya mikono. Jeneza la mbao lenye zinki ndani, pamoja na vishikio, lilikuwa na sentimita 78. Kaburi la udongo lingepanuliwa kwa jembe ndani ya robo saa. Hili lilikuwa la saruji iliyokaa zaidi ya juma moja, imeshika. Fundi alivunja ukuta wa upande mmoja kwa nyundo na tindo, tofali kwa tofali, huku jeneza likiwa juu ya mabenchi mawili chini ya turubai na kwaya ikirudia nyimbo zilizokwisha kuimbwa. Ilichukua karibu saa mbili. Mfuniko nao ukawa mwembamba, wakaunganisha pengo kwa mbao na zege jipya.

Vipimo vya nje vya jeneza vinajulikana Berlin siku linapofungwa. Viulizeni, urefu, upana pamoja na vishikio, na kimo, mumpe fundi ajenge akiwa navyo, aache sentimita 10 kila upande.

Waliobaki walizika saa kumi na moja na nusu jioni.

Deni la hati ya kuahirisha lilikuja wiki chache baadaye. Hati ile inatosha kusafirisha na kuzika. Haitoshi kufungua mirathi, ambako mahakama inataka cheti cha kifo pamoja na muhtasari wa kikao cha ukoo, wala haitoshi benki. NSSF nao, kwa mafao ya warithi, watauliza cheti. Usajili wa Berlin ulikuwa unasubiri viapo vya majina na tafsiri zake, na hakuna aliyekuwa amepewa kazi ya kuzipeleka, kwani kila mtu aliona msiba umekwisha. Mjane akamwandikia mamlaka ya kisheria Mtanzania mmoja anayeishi kule, akafuatilia ofisini hadi usajili ukakamilika. Mtu wa namna hiyo ateuliwe kabla mwili haujaondoka, na aombe cheti kile cha lugha nyingi, ambacho Kiingereza kimo, nakala sita au zaidi: mahakama moja, benki mbili, NSSF, bima, mwajiri. Bahasha yenye simu ilitoka siku ambayo msimamizi wa mirathi alithibitishwa.